Kumchagua fundi au mkandarasi wa sola ya nyumbani: kuanzia hesabu ya matumizi hadi malipo ya mwisho

Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, unaweza kutoka na paneli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kawaida wa nyumbani) na betri ndani ya nusu saa, na muuzaji akakupigia fundi wa kuja kufunga jioni hiyohiyo. Wengi wamepata sola kwa njia hiyo. Baada ya masika mawili matatu, utawakuta baadhi yao wana betri isiyofika hata saa 4 usiku, inveta inayolia kila friji ikiwaka, au bati linalovuja juu ya kitanda. Ukichunguza, mara nyingi vifaa vyenyewe havikuwa na kosa. Vilichaguliwa bila hesabu na kufungwa bila utaratibu. Ndiyo maana katika mwongozo huu wote nasisitiza jambo moja: mtafute mtu kwanza, vifaa vifuate.

Nimeuandika nikimfikiria mwenye nyumba wa Tanzania, awe Mbezi anayetaka kujikinga na umeme kukatika, au kijijini ambako nguzo za TANESCO hazijafika. Msomaji wa Kenya ataona tofauti kwenye leseni. Mengine yote yanamhusu vilevile.

Hatua ya 1: Jua matumizi yako kabla hujampigia mtu simu

Mteja asiyejua anatumia umeme kiasi gani huuziwa kilichopo dukani. Kama unatumia LUKU, mita ya kulipia umeme kabla, kazi ni nyepesi: fungua meseji za manunuzi ya miezi mitatu, jumlisha uniti, gawa kwa idadi ya siku. Uniti moja ni kilowati-saa moja. Nyumba inayomaliza uniti 120 kwa mwezi inatumia uniti 4 kwa siku.

Kama huna umeme bado, hesabu kifaa kimoja kimoja: wati zake mara saa kinazowaka kwa siku. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu inaweza kuwa hivi:

- Taa 10 za LED za wati 9, saa 5: wati-saa 450
- Televisheni ya wati 80, saa 6: wati-saa 480
- Feni 3 za wati 60, saa 8: wati-saa 1,440
- Friji ya kati, siku nzima: kama wati-saa 1,200
- Ruta ya wati 10, saa 24: wati-saa 240
- Kompyuta mpakato ya wati 60, saa 4: wati-saa 240

Jumla ni wati-saa 4,050, yaani uniti 4 na kidogo. Friji usiizidishe wati zake kwa saa 24, kwa kuwa kompresa huwaka na kuzima; angalia lebo ya nyuma au pima kwa mita ndogo ya kuchomeka ukutani.

Kisha tenganisha mchana na usiku. Katika mfano huu feni, taa na sehemu kubwa ya televisheni ni za usiku, na friji inagawana nusu kwa nusu, kwa hiyo usiku unakula kama uniti 3. Namba hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa betri, na betri ndiyo inayomeza fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Amua pia vitakavyobaki nje. Pasi, jagi la umeme, jiko la koili na shawa ya maji moto hula kati ya wati 1,000 na zaidi ya 5,000. Mimi nisingeweka shawa ya maji moto kwenye sola ya nyumba ya kawaida hata nikiwa na fedha. Inakulazimisha ununue inveta na betri kubwa kwa ajili ya dakika kumi za asubuhi. Pasi unaweza kuiruhusu kwa sharti la kupiga pasi mchana jua likiwa kali. Pampu ya kisima itaje mapema, maana pampu ya nguvu farasi moja inatumia wati 750 au zaidi ikizunguka, lakini sekunde ile ya kuanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Fundi asiyeijua atakuwekea inveta itakayozima kila ukijaza tanki.

Andika yote kwenye karatasi moja. Kila fundi utakayemwita mpe karatasi hiyohiyo, vinginevyo bei watakazokuletea hazitalinganishika.

Hatua ya 2: Pata majina matatu na uhakiki leseni

Anza na mtaa wako. Tafuta nyumba yenye paneli juu ya bati ambayo mfumo wake umepita masika mbili au zaidi, bisha hodi, uliza nani alifunga. Ukikosa, Jumuiya ya Nishati Jadidifu Tanzania, TAREA, ina wanachama wanaofanya kazi hii, na chuo cha VETA kilicho karibu nawe kinaweza kukuelekeza kwa waliosomea umeme. Wasambazaji wa chapa kubwa za inveta nao huwa na orodha ya mafundi waliowafundisha kuweka inveta zao. Orodha hiyo ina faida ya ziada: fundi anayejulikana kwa msambazaji hahangaiki sana waranti ikidaiwa.

Kisha leseni. Tanzania Bara kazi za kufunga umeme majumbani zinasimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inayotoa leseni za mafundi kwa madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi linayoruhusu. Mwombe akuonyeshe leseni, soma jina, daraja na tarehe ya kuisha, kisha uithibitishe EWURA wenyewe. Kampuni inayojiita mkandarasi iulize pia usajili wa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kenya ina kanuni maalumu za mifumo ya sola tangu 2012. Mafundi hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli ya huko, kwa madaraja ya T1, T2 na T3. T1 ni ya mifumo midogo, T3 ni ya mifumo mikubwa ikiwemo inayounganishwa na gridi. Mwenye T1 asikufungie mfumo wa nyumba nzima.

Swali ambalo watu husahau ni hili: nani hasa atapanda juu ya nyumba? Leseni ya bosi iliyotundikwa ofisini haifungi nyaya. Taka kujua jina la fundi atakayesimamia kazi tangu asubuhi mpaka jioni, na iwapo yeye mwenyewe amesomea umeme au ni kijana wa kubeba ngazi aliyejifunza kwa kuangalia.

Baada ya hapo, waombe kila mmoja akupeleke kwa mteja wake wa zamani. Wa mwezi uliopita hakusaidii, kwa sababu kila mfumo mpya unafanya kazi. Taka wa miaka miwili. Ukifika, angalia nyaya za kushuka kutoka kwenye paneli: zimepita ndani ya bomba na kushikwa, au zinaning'inia na kusuguana na ncha ya bati? Kwenye ukuta wa inveta, breka zina maandishi ya kueleza ipi ni ya nini? Kuna waya wa kijani na njano unaoshuka kwenda ardhini? Ukipata nafasi ya kuongea na mwenye nyumba fundi akiwa kando, muulize mara ya mwisho mfumo uliposumbua ilikuwaje, na fundi alichukua muda gani kuja. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko picha zote atakazokuonyesha kwenye simu.

Hatua ya 3: Mwite nyumbani na umwangalie anavyokagua

Hapa ndipo utakapomjua. Fundi anayekutajia bei kwenye simu kabla hajaiona nyumba, mshukuru na uishie hapo. Hata akiwa mzuri, bei hiyo hana msingi wake.

Aliyekuja, usimwelekeze. Mpe karatasi ya matumizi na umwache afanye kazi yake huku ukitazama. Mzuri ataanza kwa kuuliza: friji ni ya mwaka gani, mnalala saa ngapi, kuna mpango wa kununua mashine ya kufulia, TANESCO inakatika kwa saa ngapi ikikatika. Atataka kufungua meni swichi yako aone nyaya za nyumba zilivyogawanywa, kwa sababu kutenganisha taa na soketi za kawaida na zile nzito ndiyo njia ya kuzuia mtu asichomeke jagi la umeme kwenye sola.

Ataingia darini. Paneli moja ya kisasa ina uzito wa kilo 20 hadi 25, na ukiongeza reli na upepo wa kusukuma kutoka chini, kenchi zinabeba mzigo ambao hazikujengewa. Anapaswa kugusa mbao, kutafuta dalili za mchwa, kupima umbali kati ya papi na papi. Ataangalia geji ya bati. Bati la geji 30 ni jembamba, na fundi asiyejali atalikanyaga katikati na kuliacha limebonyea. Maji yatatuama hapo na kutafuta njia.

Kisha kivuli. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli hutazama kaskazini, na mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha ili mvua ioshe vumbi. Lakini jua halikai pahali pamoja mwaka mzima. Desemba na Januari saa sita mchana jua la Dar lipo upande wa kusini. Juni limehamia kaskazini, tena chini zaidi. Mwembe ulio kaskazini mwa nyumba yako unaweza usifike kabisa kwenye bati fundi akija Januari, na Juni ukafunika nusu ya paneli saa 4 asubuhi. Paneli zikiunganishwa kwa mfululizo, kivuli cha moja kinaweza kuvuta nguvu ya zote chini. Muulize waziwazi: "Na mwezi wa sita kivuli kitafika wapi?" Anayejua kazi atatoa simu yenye programu ya njia ya jua, au atasimama juu ya bati na kuonyesha kwa mkono. Asiyejua atasema hapa jua lipo la kutosha. Lipo, lakini muhimu ni bati lako linavyopata jua kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, miezi yote.

Mwisho atatafuta pa kuweka inveta na betri. Jikoni hapafai, kwa joto na mafuta. Chumba cha kulala hapafai pia. Feni ya inveta inapiga kelele, na betri za asidi zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayohitaji hewa ya kutokea. Stoo yenye dirisha, au ukuta wa korido usiopigwa na jua, ni pazuri. Akichagua ukuta wa nje unaopokea jua la saa 8, hilo peke yake linatosha kumtoa kwenye orodha.

Hatua ya 4: Soma makadirio ya bei kama mtu anayejua hesabu

Usipokee karatasi iliyoandikwa "mfumo wa sola kilowati 3, kamili" na jumla chini yake. Taka kila kifaa kivyake: chapa, modeli, idadi, bei, na gharama ya ufundi peke yake. Kisha kaa chini uhakikishe kwa mkono wako.

Paneli. Chukua matumizi ya siku, gawa kwa saa za jua kamili (jua la siku nzima likihesabiwa kama saa za jua kali tu) mara sehemu inayobaki baada ya upotevu. Kwa sehemu nyingi za Tanzania, kukadiria saa 4.5 za jua kamili ni salama bila kujidanganya, na upotevu wa joto, vumbi, nyaya na inveta unaacha kama asilimia 75 ya kilichoandikwa kwenye lebo. Kwa mfano wetu: 4,050 ÷ (4.5 × 0.75) = wati 1,200. Paneli tatu za wati 450 zinatoa 1,350, na inakaa sawa. Kama mawingu ya masika kwenu hukaa siku nyingi na huna TANESCO ya kukusaidia, ongeza ya nne. Fundi aliyekuletea paneli mbili, au nane, akueleze hesabu yake.

Betri. Usiku wetu unakula uniti 3. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 51.2 na Ah (ampea-saa) 100 inabeba uniti 5.12, ukitumia asilimia 80 unapata 4.1, ikabaki akiba kidogo kwa asubuhi yenye mawingu. Betri za gel au za asidi hazipaswi kushushwa chini ya nusu kila siku, kwa hiyo kupata kiasi kilekile unahitaji betri nne za volti 12 Ah 200. Kwenye karatasi gel huonekana nafuu. Ukihesabu miaka ambayo lithiamu nzuri inadumu, kwa matumizi ya kila siku mimi nachagua lithiamu. Gel naiona inafaa kwa nyumba ambayo umeme unakatika mara chache na betri inakaa imejaa muda mwingi.

Inveta, na hapa tulia kidogo. Ukubwa wa wati ni rahisi: jumlisha vinavyowaka kwa pamoja, ongeza nafasi ya friji au pampu kuanza. Kwa mfano wetu inveta ya kilowati 3 inatosha vizuri. Kinachokosewa mara nyingi ni volti ya upande wa paneli. Kila inveta ina kiwango cha chini cha volti kinachohitajika ili ianze kuchaji na kiwango cha juu ambacho kikizidishwa inaungua. Paneli ya wati 450 yenye volti 41.5 ikiwa kazini, zikiwa tatu kwa mfululizo ni volti 124.5. Inaonekana sawa kwa inveta inayoanzia volti 120. Lakini lebo ya paneli imepimwa kwenye nyuzi joto 25, na paneli iliyo juu ya bati la Dar mchana hufika 60 na zaidi. Volti inashuka kwa asilimia kumi hivi, unabaki na kama 110. Jua likiwa kali kabisa, ndipo mfumo unaposhindwa kuvuna. Mwenye nyumba atalaumu paneli miaka yote. Kwa hiyo muulize fundi: "Volti ya paneli kwa mfululizo ni ngapi zikiwa za moto, na inveta inaanzia ngapi?" Akiweza kujibu kwa namba, umempata mtu. Dawa yenyewe ni rahisi: paneli ya nne, au inveta inayoanzia volti 60.

Vitu vidogo ndivyo vinavyokatwa ili bei iwe ndogo, na ndivyo vinavyounguza nyumba. Tafuta kwenye karatasi: breka za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa paneli na betri) kwa upande wa paneli na wa betri, kifaa cha kukinga mshtuko wa radi, nondo ya ethi (ya kupeleka umeme ardhini) na waya wake, waya maalumu wa sola wa milimita 4 au 6 za mraba, fyuzi ya betri, reli za alumini. Breka ya kawaida ya AC (umeme wa mkondo geu, kama wa TANESCO) haiwezi kuwekwa upande wa paneli. Umeme wa AC hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche inazimika yenyewe. Wa DC haupiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka hadi plastiki iyeyuke. Ukiishi pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Unguja na Pemba, sisitiza boliti za stenlesi, maana chumvi ya bahari hula chuma cha kawaida haraka.

Makadirio matatu yakiwa mezani, tafuta wa chini kabisa amekosa nini. Mara nyingi utakuta ethi haipo, kinga ya radi haipo, breka zimeandikwa tu "breka". Mwambie aviongeze, kisha linganisha upya. Bei zikikaribiana, chagua aliyejibu maswali vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Mkataba na namna ya kulipa

Hata fundi awe mtoto wa jirani, andikishaneni. Mkataba wa kurasa mbili unatosha ikiwa una orodha ya vifaa yenye modeli, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani anagharamia bati likitoboka vibaya, na waranti mbili zilizotenganishwa: ya vifaa na ya ufundi. Paneli nzuri huja na waranti ya kifaa ya miaka 10 au zaidi na ya uzalishaji ya miaka 25. Inveta na betri hutofautiana sana, hivyo iandikwe miaka kamili na nani anayeilipa hapa nchini. Waranti ya ufundi isipungue mwaka mmoja, ipite masika yote.

Usilipe zote mwanzoni. Kwa fundi binafsi asiye na duka, napendelea mwenye nyumba alipie vifaa dukani mwenyewe, fundi akiwepo, na risiti ya EFD itoke kwa jina la mwenye nyumba. Risiti hiyo ndiyo utakayoshika siku inveta ikifa; bila hiyo waranti ni maneno. Fundi unamlipa ufundi kwa awamu. Kwa kampuni inayoleta vifaa yenyewe, gawa: sehemu vifaa vikishafika kwako na kukaguliwa, sehemu mfumo ukiwaka, na asilimia 10 hadi 20 ibaki mkononi mwako kwa mwezi mmoja. Kampuni inayotaka asilimia 100 kabla hata kitu hakijafika, iache.

Hatua ya 6: Kagua vifaa kabla havijapanda juu

Wati za kuandikwa kwenye karatasi ya nata hazina gharama, na soko lina paneli zenye lebo za uongo. Una vipimo viwili vya kuzigundua. Cha kwanza ni futi: paneli ya kisasa hutoa kama wati 200 hadi 225 kwa mita moja ya mraba. Ya wati 450 ina eneo la mita za mraba mbili hivi. Ukiletewa paneli ya mita 1.5 kwa mita 0.7 iliyoandikwa wati 400, lebo inadanganya. Cha pili ni kuzidisha: kwenye lebo utaona Vmp (volti ikiwa kazini) na Imp (ampea ikiwa kazini), zidisha, upate wati zilizotajwa. Volti 41.5 mara ampea 10.85 ni 450. Zisipolingana, rudisha.

Betri pima kwa kuinua. Ya lithiamu ya uniti 5 ina kilo 40 hadi 50. Ya asidi ya volti 12 Ah 100 ina kama kilo 30, na ukiletewa ya kilo 15 ndani yake hakuna madini ya risasi ya kutosha. Piga picha namba za utambulisho (serial number) za kila kifaa kabla fundi hajazifunika ukutani. Kwenye lebo za paneli tafuta pia IEC 61215 na IEC 61730, viwango vya kimataifa vya uimara na usalama.

Hatua ya 7: Siku ya kufunga

Huhitaji kumsimamia kila dakika, ila kuna mambo ya kuona kwa macho yako. Skrubu za reli zipite juu ya mgongo wa bati na kuingia kwenye mbao, zikiwa na wosha za mpira. Skrubu iliyo kwenye bonde ndipo maji yanapopita. Chini ya paneli pabaki nafasi ya kama sentimita 10 hewa ipite. Viunganishi vya MC4, vya kuunganisha nyaya za paneli, vikazwe kwa koleo lake maalumu, siyo praizi ya kawaida, na dume na jike viwe vya chapa moja. Kiunganishi kilicholegea hupata moto taratibu kwa miezi mpaka kinaungua. Waya wa betri uwe mfupi na mnene. Betri mpya zisiunganishwe na za zamani, hata akikuambia ni kuokoa fedha. Na fundi aliye juu avae mkanda wa usalama. Akianguka, ni nyumbani kwako.

Kama una TANESCO, mfumo ubaki upande wako wa mita. Kurudisha umeme kwenye gridi kunahitaji makubaliano na shirika, na inveta iliyowekwa ovyo inaweza kupeleka umeme kwenye nguzo wakati mafundi wa shirika wanadhani waya umekufa. Fundi akikuambia "nitakuunganishia urudishe uniti" bila kutaja kibali, msimamishe.

Hatua ya 8: Jaribio, makabidhiano na malipo ya mwisho

Kabla fundi hajafunga boksi lake la vifaa, mwombe apime mbele yako kwa mita: volti ya paneli, volti ya betri, na mwendelezo wa ethi. Aandike namba hizo na tarehe. Kisha zima meni swichi ya TANESCO, washa vitu vyote ulivyoviorodhesha kwenye karatasi ya kwanza, viache saa moja. Mwambie afungue boksi la breka na kwa tahadhari apitishe kipima joto kwenye kila kiungo, aone kama kuna kilichopata moto.

Muulize inveta imewekewa aina gani ya betri. Mpangilio wa gel kwenye betri ya lithiamu, au kinyume chake, unaifupisha betri miaka bila dalili yoyote mpaka siku inapogoma. Kama inveta ina programu ya simu, akaunti ifunguliwe kwa namba yako na nenosiri lako. Mafundi wengine huifungua kwa jina lao, na mkikosana unabaki kipofu wa mfumo wako mwenyewe. Pokea mchoro wa mfumo, hata wa kalamu, vitabu vya vifaa, vyeti vya waranti na risiti. Vibandike kwenye mlango wa stoo palipo na inveta, ndani ya mfuko wa plastiki.

Salio uliloshika usilitoe kwa huruma. Subiri mwezi upite, ukilinganisha kila jioni uniti zilizovunwa na zile 4 za kwenye karatasi yako. Siku za jua kali zikikaribia hapo au kuzidi, betri ikivuka usiku, na mvua kubwa ya kwanza ikapita bila dari kuchora duara la maji, mpigie fundi aje achukue chake.